Je, Nansha ni salama? Takwimu, kamera na mzigo wa mgeni

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ya Guangzhou husikia habari mbili zisizopatana. Ya kwanza inasema kule unatembea saa nane usiku na simu mkononi, wala hakuna atakayekugusa. Ya pili inasema kule Mwafrika anaweza kutolewa katika chumba alichokilipia, kama ilivyotokea Aprili 2020. Akiamua kutafuta mwenyewe kiwango cha uhalifu cha Nansha, wilaya ya kusini ambako kontena lake litapakiwa melini, anakutana na alama za tovuti za maoni kama Numbeo, ambazo hukusanywa kutoka kwa yeyote aliyependa kujaza fomu. Anabaki njia panda.

Habari zote mbili ni za kweli. Zinagongana kwa sababu neno "usalama" linabeba mambo manne kwa pamoja: kutoibiwa njiani, kutotapeliwa, kutosumbuliwa na wenye mamlaka, na kutokufa kwa ajali. Uchambuzi huu unayatenganisha, unapima hoja zinazotolewa kuhusu chanzo cha utulivu wa Nansha, kisha unatoa uamuzi.

Mji uliotoka majini

Nansha iko kwenye mlango wa Mto Pearl, takriban kilomita 50 kusini ya katikati ya Guangzhou. Sehemu kubwa ya ardhi yake ni tope la mto lililozuiwa kwa kingo na kugeuzwa mashamba. Kwa vizazi vingi ilikuwa nchi ya wavuvi na wakulima wa migomba na miwa. Mwaka 1993 serikali kuu iliidhinisha eneo la maendeleo ya uchumi hapo. Bandari ya kisasa ilianza kazi mwaka 2004, na mwaka uliofuata Nansha ikamegwa kutoka Panyu na kuwa wilaya inayojitegemea. Mwaka 2012 ilipewa hadhi ya eneo jipya la kitaifa na kuongezewa miji ya Dongchong, Dagang na Lanhe. Mwaka 2015 ikaingizwa katika eneo huru la biashara la Guangdong, na Juni 2022 serikali kuu ikatangaza mpango wa kuifanya kiungo cha Guangdong, Hong Kong na Macao.

Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu 840,000 katika eneo la takriban kilomita za mraba 800. Kwa msomaji wa Dar es Salaam, picha ya karibu ni Kigamboni: upande wa pili wa maji, ardhi tele, mipango mikubwa, daraja lililofupisha safari, na wakazi wengi waliohamia juzi.

Jambo hili lina uzito katika hesabu ya uhalifu, maana hakuna Nansha moja. Jiaomen ni majengo marefu, maduka makubwa na kituo cha metro. Huangge ni magari ya Toyota na wafanyakazi wanaobadilishana zamu. Kisiwa cha Longxue ni kontena, winchi na malori. Wanqingsha ni mifereji, mabwawa ya samaki na vijiji. Anayekuambia "Nansha iko hivi" bila kutaja mtaa amekupa wastani wa sehemu ambazo hazifanani.

Takwimu zinasema nini, na zinanyamaza wapi

Kwa taifa zima, Wizara ya Usalama wa Umma ya China ilitangaza kwamba mwaka 2023 kulikuwa na visa 0.46 vya mauaji kwa kila watu 100,000. Wastani wa dunia, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2021, ulikuwa karibu 5.8. Pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa kwa makosa madogo ya karani. Mauaji pia ndiyo kosa gumu zaidi kufichwa, kwa kuwa kuna maiti, kuna ndugu na kuna hospitali. Kwa hiyo mwelekeo wa takwimu hii unaaminika, hata kwa mtu asiyeamini kila nukta yake.

Makosa madogo ni habari nyingine, na hapo msomaji anapaswa kujua mambo matatu.

Kwanza, sheria ya China hutenganisha jinai na ukiukaji wa utulivu wa umma. Katika Guangzhou, wizi wa kawaida huwa jinai pale thamani inapofikia yuan 3,000. Chini ya hapo mwizi huadhibiwa na polisi bila kufikishwa mahakamani, isipokuwa kama alichomoa mfukoni mwa mtu, aliingia nyumbani, alibeba silaha au amerudia mara kadhaa. Baiskeli ya umeme ya bei nafuu ikiibwa mbele ya kiwanda Huangge, inaweza isiwemo kabisa katika hesabu ya jinai. Kulinganisha hesabu hiyo na ya Nairobi au Mombasa ni kulinganisha vitu visivyofanana.

Pili, polisi hupimwa kwa takwimu wanazoziandika wenyewe. Xu Jianhua, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Macau, alichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu namna takwimu za uhalifu zinavyotengenezwa Guangzhou, akionyesha shinikizo la kuzifanya zipendeze. Børge Bakken, mtaalamu mwingine wa uhalifu nchini China, ametoa hoja ya aina hiyo kwa miaka mingi. Ripoti za wilaya nazo hupenda kutangaza asilimia ya kupungua, na asilimia isiyo na idadi nyuma yake haina cha kulinganishwa nacho.

Tatu, tovuti za maoni hupima hisia. Wachache waliojibu kuhusu wilaya ya pembezoni hawawezi kuwakilisha watu laki nane, hasa kama wengi wao ni wageni wanaoishi katika majengo yenye walinzi. Alama za namna hiyo zinaeleza kidogo jinsi watu wa aina fulani wanavyojisikia, na hazielezi lolote kuhusu idadi ya matukio.

Hoja ya kwanza: ni mkono wa dola

Wanaoshika hoja hii husema utulivu umeletwa na serikali yenye macho mengi. Wana ushahidi wa kihistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Guangzhou ilijulikana kwa waporaji waliopita kwa pikipiki na kunyakua mikoba. Tarehe 1 Januari 2007 jiji lilipiga marufuku pikipiki katika maeneo yake ya kati, na uporaji ule ukapoteza miguu yake. Tangu hapo zimekuja kamera za barabarani, laini za simu zinazosajiliwa kwa jina na sura, na tiketi za treni na vyumba vya hoteli visivyopatikana bila kitambulisho. Mitaa imegawanywa katika vipande vidogo, kila kimoja na mtumishi anayejua nani anaishi mlango gani. Mjumbe wa nyumba kumi anafahamika kwetu, ila huyu wa kule ana simu ya kazini, mshahara na ripoti ya kupeleka.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba uwezekano wa kukamatwa umepanda, na mhalifu wa kawaida hupima uwezekano wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kamera humnasa mtu anayetaka kutoroka, lakini hazimzuii aliyekata tamaa. Tarehe 11 Januari 2023 dereva aliwagonga kwa makusudi wapita njia katikati ya Guangzhou na kuua watu. Tarehe 11 Novemba 2024, huko Zhuhai, kwenye mdomo huo huo wa Mto Pearl, dereva mwingine aliua watu 35 waliokuwa wakifanya mazoezi uwanjani. Udhaifu wa pili ni wa kimantiki. Japani ina kiwango cha mauaji kilicho chini hata kuliko cha China, bila mfumo wa udhibiti wa aina hiyo. Macho ya dola ni sehemu ya maelezo, na hayatoshi peke yake.

Gharama nayo ihesabiwe. Marufuku ya pikipiki ya 2007 iliwaondolea riziki wabeba abiria wengi, ambao wengi wao walikuwa wahamiaji kutoka mikoa maskini. Afrika Mashariki, ambako bodaboda hulisha familia nyingi, inajua uzito wa hatua kama hiyo bila kuhitaji maelezo.

Hoja ya pili: ni uchumi na ramani ya mji

Kundi la pili linatazama mfuko wa mkazi. Mchina wa leo hulipia mboga, teksi na chai kwa kuonyesha msimbo kwenye simu. Pochi nene imetoweka, na simu yenyewe hujifunga kwa sura ya mwenyewe na kufuatiliwa ikipotea. Kibaka wa mfukoni amekosa cha kuchomoa. Bunduki nazo ziko chini ya sheria kali ya 1996, hivyo ugomvi wa walevi huishia na majeraha pale ambapo katika nchi nyingine ungeishia na mazishi.

Nansha inaongeza mambo yake. Majengo mengi ni mapya, barabara ni pana na zina taa, na nyumba zimepangwa katika makazi yenye uzio, geti na mlinzi. Viwanda na bandari vimetoa ajira kwa muda mrefu, na metro imeiunganisha na jiji, hasa njia namba 18 iliyofunguliwa Septemba 2021.

Hoja hii ina nguvu kwa sababu inaeleza kwa nini wizi mdogo umepungua China nzima, hata mahali ambapo polisi hawakubadilika. Udhaifu wake ni kwamba uchumi huenda na kurudi. Mgogoro wa nyumba uliojitokeza mwaka 2021 kwa Evergrande, kampuni iliyoanzishwa Guangzhou, uliwaacha wanunuzi katika miji mingi ya China wakilipia mikopo ya nyumba zisizokwisha. Tena mji wa mageti humlinda aliye ndani. Mfanyakazi wa kiwandani anayepanga chumba katika kijiji cha zamani hana uzio huo, na habari zake hazifiki kwenye tovuti za maoni.

Hoja ya tatu: uhalifu haukuisha, umehama

Kundi la tatu linakubali kwamba barabara ni tulivu, lakini linauliza wezi wamekwenda wapi. Jibu lao ni simu. Mwaka 2023 polisi wa China walitangaza kufumbua kesi 437,000 za utapeli wa simu na mtandao. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi cha kutungiwa sheria maalumu, iliyoanza kutumika tarehe 1 Desemba 2022, na kuwekewa namba yake ya simu, 96110. Nyumba nyingi za China hazijavunjwa mlango kwa miaka, lakini akiba ya mama mzee imeondoka kwa dakika kumi za mazungumzo.

Kwa mwagizaji wa Afrika Mashariki, hoja hii ndiyo inayomgusa zaidi. Tazama mchezo unavyochezwa. Amekubaliana na kiwanda cha vigae cha Foshan: asilimia 30 kabla ya kazi kuanza, asilimia 70 mzigo ukiwa tayari. Wiki ya kumalizia malipo inaingia barua pepe yenye nembo ile ile, jina lile lile la mtu wa mauzo, na mazungumzo yote ya nyuma yamefuatana chini yake. Inasema akaunti ya kampuni inakaguliwa na watu wa kodi, hivyo fedha zitumwe akaunti nyingine. Katika anwani imebadilika herufi moja tu: "l" imegeuzwa kuwa namba 1. Mwagizaji analipa. Siku nne baadaye kiwanda kinamuuliza fedha ziko wapi, huku kontena likisubiri na gharama za kuhifadhi zikipanda kila siku.

Hakuna kamera ya Nansha inayouona wizi huo. Mwizi huenda hajawahi kukanyaga Nansha, na huenda hata hayuko China. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba haihusu Nansha pekee, kwani utapeli wa aina hii hutokea Dubai na Istanbul pia. Hata hivyo inamzindua msafiri aliyejiandaa kwa vibaka na kusahau karatasi zake.

Hoja ya nne: usalama wa nani?

Kundi la nne linauliza nani analipia utulivu huo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na historia ya Guangzhou ina kunguni wake.

Machi 2003, Sun Zhigang, kijana mbunifu aliyehamia Guangzhou kutoka mkoa mwingine, alikamatwa kwa kukosa kibali cha ukaazi wa muda, na akafa mikononi mwa mfumo uliomshikilia. Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka huo huo serikali ilifuta utaratibu mzima wa kuwakamata na kuwarudisha makwao wahamiaji. Kisa hicho kina pande mbili: kinaonyesha jinsi mfumo wa kulinda mji unavyoweza kumuua asiye na hatia, na kinaonyesha kwamba sheria mbaya inaweza kuondolewa.

Kwa Waafrika, Julai 2009 kulitokea maandamano mbele ya kituo cha polisi Guangzhou baada ya Mnigeria kuumia akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, Waafrika wengi walifukuzwa nyumba na hoteli, wengine wakalala nje. Wakati huo jiji lilisema lilikuwa na Waafrika 4,553. Mabalozi wa Afrika mjini Beijing waliandika barua ya kupinga, na mapema Mei mkoa wa Guangdong ukatangaza hatua za kukataza ubaguzi dhidi ya wageni katika maduka, hospitali na nyumba za kupanga. Matukio hayo yalitokea zaidi katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli, mbali na Nansha. Sheria ya wageni, hata hivyo, ni moja kwa wilaya zote.

Sheria hiyo inamtaka mgeni asiyelala hotelini ajiandikishe polisi ndani ya saa 24. Mezani huwekwa pasipoti, ukurasa wa viza, muhuri wa kuingia na nakala ya mkataba wa chumba. Akisahau, faini inaweza kufika yuan 2,000. Akipitisha siku za viza, ni yuan 500 kwa kila siku hadi 10,000, au kizuizini siku 5 hadi 15. Mfumo unaomlinda asiibiwe ndio huo huo unaoweza kumweka ndani kwa kosa la karatasi.

Hatari kubwa kuliko zote ni begi la mtu mwingine, ambalo huenda limefichwa dawa za kulevya. Kifungu cha 347 cha sheria ya jinai ya China kinasema anayesafirisha gramu 50 au zaidi za heroini anakabiliwa na kifungo cha miaka 15, cha maisha, au kifo. Watanzania na Wakenya wamefungwa kwa makosa haya China na Hong Kong. Padri John Wotherspoon, anayehudumia wafungwa Hong Kong, alifanya kampeni ya kuwaonya Waafrika kwa kutumia barua za wafungwa wenyewe. Barua hizo zilikuwa ombi la watu ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuwaonya ndugu zao.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba wakati mwingine inachanganya ukali wa sheria na ubaguzi. Kujiandikisha kunamhusu pia Mfaransa na Mkorea. Tofauti hujitokeza pale afisa, mwenye nyumba au mwenye hoteli anapoamua nani akaguliwe na nani aachwe apite, na ushahidi wa 2020 unaonyesha kwamba rangi ilitumika.

Hatari isiyo na mhalifu

Mjadala huu husahau kifo kisicho na muuaji. Tarehe 22 Februari 2024, meli ya kontena iligonga nguzo ya daraja la Lixinsha, Wanqingsha, ndani ya Nansha. Kipande cha daraja kilianguka pamoja na magari, na watu watano walikufa. Tukio hilo halimo katika takwimu yoyote ya uhalifu. Wilaya yenye maji kila upande, malori ya bandari na msimu wa vimbunga ina hatari zake, na mkazi anapaswa kuangalia utabiri wa hali ya hewa kwa makini zaidi kuliko anavyoangalia kivuli nyuma yake.

Kupima hoja

Tukiziweka kwenye mizani, hoja ya uchumi na hoja ya dola zinahitajiana. Marufuku na kamera ziliongeza gharama ya kuiba, na malipo ya simu yakapunguza faida ya kuiba. Hoja ya kuhama kwa uhalifu haizipingi. Inaonyesha kwamba wezi walifuata fedha zilikokwenda. Hoja ya nne ndiyo inayotakiwa kubaki mezani muda wote, kwa kuwa bila kuuliza nani analipia utulivu, kila ukandamizaji unaweza kuitwa usalama.

Hili linatuhusu nyumbani. Kenya ilianzisha Nyumba Kumi mwaka 2013, Tanzania ina ulinzi shirikishi, na polisi wa Uganda walisema mwaka 2019 kwamba walinunua kamera za Huawei kwa dola milioni 126. Ni rahisi kununua nguzo na kamera. Ni vigumu zaidi kuleta taa za barabarani, ajira, malipo salama na polisi anayepokea lalamiko bila kudai chochote. Nchi inayonunua kamera na kuacha hayo mengine inachukua udhibiti wa Guangzhou bila utulivu wake. Na pale mahakama na vyombo vya habari vinapokosa nguvu ya kuhoji, kamera hiyo inaweza kugeuzwa imtazame mpinzani badala ya mwizi.

Hitimisho

Barabarani, Nansha ni salama kuliko miji mingi ya dunia, na hilo linaaminika hata ukiondoa chumvi ya takwimu. Mikataba na malipo yana hatari halisi, inayoongezeka kwa asiyehakiki. Mbele ya sheria, mgeni mwenye karatasi kamili hupita kwa kawaida, na asiye nazo hana pa kushika. Kwa mhamiaji maskini na kwa Mwafrika, utulivu huo umewahi kuwa na bei ambayo wengine hawakuilipa.

Anayekwenda ajiandae kwa hatari iliyopo. Namba ya akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba uliyoijua tangu mwanzo kabla ya kutuma hata shilingi. Jiandikishe polisi siku ile ile unayofika. Hesabu siku za viza yako. Hifadhi namba 110 ya polisi na namba ya ubalozi wako. Na begi ambalo hukulipanga mwenyewe, usilibebe, hata kama anayekuomba ni ndugu wa damu.